Siku Saba Kufuata Mate ya Barawai

Siku ya kwanza, Sandakan

Nimeshuka Sandakan saa kumi alasiri, miguu imevimba na kichwa bado kiko Unguja. Kutoka nyumbani hadi Kuala Lumpur, kisha ndege nyingine ya kuvuka bahari hadi huku Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo. Joto ni lilelile la kwetu na unyevu ni uleule, hata harufu ya bandari haina tofauti: samaki wakavu, dizeli, maji ya chumvi. Nimelala kabla sijala.

Niandike kwanza kilichonileta. Mimi ni mpishi wa hoteli, mwaka wa kumi na tano sasa. Mwaka juzi mgeni mmoja, bibi wa makamo kutoka Guangzhou, aliingia jikoni kwetu kushukuru kwa chakula, akafungua kikopo na kunionyesha kitu alichosafiri nacho. Kilikuwa kama sikio la mtoto mchanga, cheupe cha manjano kwa mbali, chepesi kiasi kwamba nilipokiweka kiganjani sikuhisi uzito. Akaniambia ni kiota cha ndege, kiota kizima cha mate matupu, na kwamba mama yake alimpikia kila alipojifungua. Kilo moja ya vitu hivyo, vikishasafishwa, huuzwa kwa maelfu ya dola. Nikamrudishia kwa mikono miwili. Tangu siku ile nimekuwa nikiweka akiba.

Siku ya pili, njiani kwenda Gomantong

Tumetoka asubuhi kwa gari, mimi, dereva, na mzee aliyekubali kunipeleka. Ni mtu wa kabila la Orang Sungai, watu wa mto Kinabatangan, ambao tangu enzi za mababu ndio wavunaji wa viota vya mapango ya Gomantong. Alipanda milingoti miaka mingi mpaka goti lilipomkatalia. Huku mzee wa namna yake huitwa pakcik. Mimi nimemwita ba'mdogo tangu aliponiitikia salamu. Tulianza na asalaam aleykum, na baada ya hapo ugeni ukapungua. Kiingereza chake ni kidogo na Kimalay changu hakuna, lakini tumegundua tuna maneno ya akiba: sabuni ni sabun, dunia ni dunia, wakati ni waktu. Kila tukipata moja anapiga dashibodi kwa furaha.

Njia nzima ni michikichi. Saa nzima, kulia michikichi, kushoto michikichi, imepangwa mistari kama askari. Mti huu asili yake ni Afrika, watu wa Kigoma wanaujua vizuri, na huku umekula msitu hadi ukingoni mwa barabara. Nimemuuliza ba'mdogo kama barawai, ndege wenye viota hivi, wanapata riziki juu ya mashamba haya. Akasema barawai anakula wadudu wanaoruka, na wadudu wengi wako juu ya msitu na mto. Kisha akanyamaza kidogo.

Tumesimama kunywa chai katika mji mdogo, akanionyesha jengo la ghorofa tatu lisilo na madirisha, lina matundu tu, na kutoka juu inatoka sauti kali ya ndege, chirichirichiri, bila kupumzika. Nikadhani ni ndege. Ni spika. Wenye nyumba hizi hurekodi sauti za barawai na kuzipiga mchana kutwa ili ndege wapite, wasikie, waingie, wajenge ndani. Ndani huwekwa giza, mbao za dari na unyevu kama wa pango. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nyumba za ndege zimeenea Malaysia, na Indonesia zipo za zamani zaidi. Sehemu kubwa ya viota vyeupe vinavyouzwa duniani leo hutoka humo. Kule George Town, Penang, watu walilalamika mpaka majengo ya kale ya mji wa urithi yakaanza kuondolewa ndege, maana kelele na kinyesi vilikuwa vinaua nyumba za watu.

Mimi lakini nimekuja kuona pango.

Siku ya tatu, ndani ya Simud Hitam

Gomantong ni kilima cha mawe ya chokaa katikati ya msitu wa hifadhi. Mapango makubwa ni mawili: Simud Putih, maana yake pango jeupe, liko juu na njia yake ni ngumu, na Simud Hitam, pango jeusi, ambalo mtu anaingia kwa miguu yake. Rangi hizo si za mawe, ni za viota. Barawai wa jamii moja hujenga kwa mate peke yake, kiota kinatoka cheupe. Wa jamii nyingine huchanganya mate na manyoya yake, kiota kinakuwa cheusi na bei yake inashuka.

Harufu inakupokea kabla ya mlango. Ni kali, inachoma pua kama mkojo wa farasi uliofungiwa chumbani. Ba'mdogo kanipa kofia na koti la mvua, akaniambia nisishike kingo za njia ya mbao. Nimeshika hata hivyo, kwa kuteleza, na mkono mzima ukapandwa na mende. Sakafu ya pango ni samadi ya popo na ndege, imelundikana vilima kwa vilima, na juu ya samadi ni mende, hata ukimulika tochi unaona ardhi inatembea. Ukutani kuna tandu wenye miguu mirefu kama nywele. Nikasoma dua zote ninazozijua.

Halafu nikatazama juu. Paa liko mbali, pahali pengine mita 90, na kuna tundu ambalo mwanga wa jua unashuka kama nguo iliyoanikwa. Katika mwanga ule barawai wanapita, maelfu, na wanapoingia gizani unawasikia: tik-tik-tik-tik, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Wanaona kwa sauti, kama popo, ila sauti ya popo sikio la mtu halisikii, na hii ya barawai unaisikia vizuri. Nimesimama chini nikisikiliza pango zima likigonga.

Sasa ni Machi, msimu wa kwanza wa mavuno. Misimu ni miwili kwa mwaka, na ba'mdogo alinieleza huku akihesabu kwa vidole. Mwanzoni mwa mwaka ndege hujenga. Kazi hiyo, ambayo zaidi hufanywa na dume, humchukua kiasi cha mwezi mzima: tezi zake za chini ya ulimi huvimba, anatema uzi wa mate kama mtu anayeshona, anarudi tena usiku ujao, na mate yanakauka yakawa kikombe kilichogandia mwamba. Kati ya Februari na Aprili kiota huvunwa kabla jike hajataga. Ndege hujenga tena. Mara hii anaachwa: anataga, anaatamia, kinda anaota manyoya, anaruka. Kikombe kikishabaki kitupu, kuanzia Julai hadi Septemba, ndipo watu wanapanda tena. Katikati ya misimu pango linalindwa usiku na mchana. Nimeviona vibanda vya walinzi mlemle ndani, vina majiko na vyandarua. Leseni za uvunaji ziko mikononi mwa serikali ya Sabah, na anayepanda bila kibali anavunja sheria.

Wapandaji walikuwa wanne. Ngazi ni za henzirani, zimesokotwa kwa mkono, zinaning'inia kutoka darini hadi chini na zinayumba. Ukiivuta moja unaisikia ikilia. Kijana wa kwanza akavua viatu. Alipanda kama anayekwenda ghorofani kwake, bila haraka, mpaka akawa nukta ya tochi tu. Huko juu alijifunga kwa kamba, akanyoosha mti mrefu wenye kibapa cha chuma na mwanga kichwani, akakwangua. Kiota kinapobanduka hakitoi sauti. Mwenzake anakipokea katika mfuko, na mfuko ukijaa unashushwa kwa kamba. Hakuna wavu chini. Nilimuuliza ba'mdogo kama ameona mtu akianguka. Akainua vidole viwili, kisha akaviangalia.

Mfuko wa tatu ulipofika chini, waliumwaga juu ya gunia na mimi nikachutama kusaidia kutenga. Viota vyeusi, vigumu, vimejaa manyoya, vina unyevu wa pango. Nilikuwa nikivipanga kwa makini kama ninavyopanga mayai ya asubuhi hotelini. Na kweli, katika kimoja kulikuwa na yai.

Barawai wa kiota cheusi hutaga yai moja tu. Lilikuwa jeupe pe, refu kidogo, halizidi ncha ya kidole gumba changu, na lilikuwa limekwama kwenye manyoya upande, halikuvunjika. Nililigusa. Lilikuwa vuguvugu. Sikujua niseme nini, nikakinyanyua kile kiota kwa mikono miwili nikampa ba'mdogo.

Hakusema na mimi. Aliinua uso, akaita juu kwa lugha yao, sauti ndefu iliyopanda ikizunguka mawe. Tochi zikasimama. Akaita tena. Yule kijana akajibu, wakajibizana, kisha nikaona nukta ya mwanga ikiacha ukuta ule na kuanza kushuka. Upande ule wa pango umefungwa leo, ba'mdogo kanieleza baadaye. Ndege wa ukuta ule wamewahi, wameshataga. Kijana alipofika chini aliliona yai, akajifuta jasho usoni kwa mkono wa shati na hakutazamana na mzee.

"Sabar," ba'mdogo alimwambia. Neno moja. Hilo nililielewa bila mkalimani.

Yai waliliacha juu ya jiwe. Halirudishiki, hakuna wa kulibandika tena mita 60 juu gizani.

Jioni tulikaa nje ya mlango wa pango. Barawai walikuwa wanarudi, na wakati huohuo popo wakaanza kutoka, kwanza wachache, halafu utepe mzima, mweusi, unajikunja angani kama moshi wa tanuri na mvumo wake unasikika. Mwewe mla popo alikuwa anangoja kwenye mti mkavu. Ndege huyo yuko hata kwetu Afrika. Alichomoka mara moja, akapita ndani ya utepe, akatoka na chakula chake. Ba'mdogo aliswali magharibi juu ya mkeka karibu na gari, nami nikaswali nyuma yake.

Siku ya nne, kibano

Nimekaa na wanawake wanaosafisha, chumba kimoja Sandakan chenye feni mbili na taa kali. Mwenyeji wangu nimemwita makcik, yaani mama mdogo, kama wanavyomwita wote. Kanipa sahani nyeupe, bakuli la maji, na kibano kama kile cha kutindia nyusi.

Kiota hulowekwa kwanza mpaka kilegee na nyuzi zake ziachane. Kisha unakiinamia. Kila unyoya, kila kiuzi cheusi, unauchomoa, unauzamisha kwenye maji, kibano kinauacha, unarudi. Kiota cheusi ni karibu nusu manyoya. Nimeanza saa tatu asubuhi, na adhana ya adhuhuri imenikuta na kimoja, nacho makcik alikichukua, akakigeuza chini ya taa, akanionyesha manyoya ishirini niliyoyaacha. Mgongo unauma kama nimepara samaki wa harusi mbili. Ninaposikia watu wakisema bei ya viota ni ya kifahari tu, sasa ninajua humo ndani mna shingo za wanawake hawa.

Wao wenyewe wanajua wizi wote wa biashara hii. Wapo wanaopausha kiota kwa dawa kiwe cheupe haraka. Wapo wanaojaza uzito kwa utomvu wa miti, kwa uyoga mweupe, hata kwa mwani mwekundu, jamaa wa mwani tunaolima Paje na Jambiani. Makcik alichukua uzi mmoja safi akaunyoosha: wa kweli unavutika kidogo ndipo ukatike, na maji unayoulowekea hayageuki uji.

Nikawauliza habari ya viota vyekundu, vile vinavyoitwa vya damu, maana yule bibi wa Guangzhou aliniambia ndege akiibiwa mara tatu hutema damu. Wakacheka wote. Si damu. Wekundu unatokana na mvuke wa samadi unaofanya kazi kwenye mate yale kwa muda mrefu, na kwa kuwa wanunuzi walivipenda, watu wakaanza kuvitengeneza kwa makusudi. Mwaka 2011 China ilipima viota vyekundu vilivyotoka Malaysia, ikakuta kemikali ya naitraiti nyingi mno, ikafunga mlango. Bei ikaporomoka. Makcik anaukumbuka mwaka ule kwa jambo moja: walikaa nyumbani miezi mingi na vibano vyao.

Siku ya tano, bakuli

Makcik kanialika jikoni kwake. Kwanza nilimuuliza suala lililokuwa linanikera, mate ya ndege na dini. Akaniambia wanazuoni wa kwao wameshalizungumza: kiota chenyewe hakina tatizo, kinachotakiwa ni kukitakasa na kinyesi na uchafu. Ndiyo maana ya vibano, akasema, akanibana shavu.

Kiota kililala kwenye maji tangu usiku, kimevimba mara kadhaa, kimekuwa nyuzi za kioo. Kinatiwa ndani ya bakuli la kauri lenye kifuniko, na bakuli hilo ndani ya sufuria ya maji yanayotokota taratibu. Moto wa moja kwa moja ungekiyeyusha. Sukari ya mawe, kipande. Tende nyekundu wanazoziita tende za Kichina, ambazo nilipoipasua moja nikacheka peke yangu: ni ndugu wa kunazi zetu, kokwa ni lilelile. Na jani la pandani, lililofungwa fundo. Hilo nalo ni la ukoo wa mkadi, mti ambao maua yake bibi yangu alikuwa akiyaweka kwenye sanduku la kanga.

Nimeonja kama mpishi, macho yamefumbwa. Ladha ya kiota chenyewe karibu haipo. Kuna harufu ya mbali ya ute wa yai, na baharini kwa mbali zaidi. Utamu wote ni wa sukari na jani. Kilichopo ni mguso: nyuzi laini zinazoteleza ulimini lakini zina ukaidi kidogo zinapofika kwenye meno, kisha hazipo. Nimewahi kupika kwa miaka yote hii nikitafuta ladha, sikuwahi kulipia mguso. Nusu yake na zaidi ni protini. Wanaokula wanaamini kinang'arisha ngozi, kinatuliza kifua, kinamrudishia nguvu mzazi. Uchunguzi uliofanywa ni zaidi wa maabara na wanyama, na mimi sitamwambia mzazi yeyote Pemba auze mbuzi wake kwa ajili ya bakuli hili wakati kuku wa kienyeji yupo. Lakini nilipomaliza sikuweza kuliweka bakuli chini upesi. Nilikuwa namuona yule kijana akivua viatu.

Siku ya sita

Mvua kutwa. Nimeagana na ba'mdogo. Kanipa kipande cha henzirani cha ngazi iliyostaafu, urefu wa kiganja, kimelainika kwa nyayo.

Siku ya saba, Hong Kong

Nimepanga kurudi kwa njia ya Hong Kong makusudi, nione viota vinakofikia. Mtaa wa Wing Lok, upande wa Sheung Wan, maduka yamepangana na yote yanauza kitu hicho. Viota vimelazwa kwenye masanduku ya kioo, vimepangwa kama sambusa, kila daraja na bei yake, vizima ghali na vilivyovunjika rahisi. Wenye maduka wanavishika kwa glavu nyeupe. Habari za viota zimo katika vitabu vya Kichina tangu enzi za wafalme wa Ming, na wapo wanaosimulia kwamba amiri Zheng He ndiye aliyevileta kutoka safari zake za kusini. Hilo ni simulizi. Ila merikebu zake zilifika kwetu kweli, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Mambo ya kupelekeana vitu vya ajabu hatukuanza jana.

Mtaa wa pili ni wa vyakula vikavu vya baharini. Pale miguu ikasimama yenyewe. Kwenye mitungi, hadi darini, majongoo ya bahari.

Baba yangu alikuwa mtu wa majongoo. Wete, maji yakitoka, alikuwa anayaokota hajaloa magoti, jongoo mchanga, yaani ile aina ya mchangani, wakubwa wakubwa, na sisi watoto tulikuwa tunayapasua, tunayachemsha, tunayafukia mchangani yalegee ngozi ya juu, tunasugua, tunachemsha tena, tunaanika. Hatukuwa na mwezi wa kuvuna na mwezi wa kuacha. Mnunuzi akija, tunaingia. Baadaye vijana wakaanza kuzamia, kisha kuzamia kwa mitungi ya hewa, na baba akawa anarudi na ndoo ina majongoo mawili.

Mwenye duka alinionyesha mtungi mmoja na kusema neno Afrika. Nikaomba nishike. Nilipolitia jongoo puani nilirudi uwanjani kwetu, harufu ya moshi na chokaa.

Nikampigia baba palepale barabarani. Kwao ilikuwa bado alasiri. Nikamsimulia pango, mende, ngazi, yai. Alisikiliza lile la yai akaniuliza mara mbili: wakaufunga ukuta mzima? Nikamwambia ndiyo baba, mzima. Kisha nikamwambia nimeshika jongoo mchanga, na mwenye duka anasema katoka kwetu.

"Urefu gani?"

"Mfupi, baba. Kama kidole changu cha kati."

Nikasikia redio yake nyuma, na jogoo.

"Hata ukihesabu na kusinyaa kwake," alisema, "huyo alikuwa hajazaa."

Nikalirudisha jongoo mtungini.